Kalori Zinapojificha Ndani ya Sandwichi

Jumamosi moja jioni mimi na dada yangu mkubwa tuliketi kwenye meza ya jikoni kwake Donholm, Nairobi. Katikati yetu kulikuwa na mizani ndogo ya kupimia unga na sandwichi ya kuku aliyokuja nayo kutoka mjini. Hakuinunua ili aile. Kwa wiki sita alikuwa akiandika kwenye simu kila alichotia mdomoni, kama alivyoshauriwa na mtaalamu wa lishe, na kwa wiki hizo sita uzito wake ulikataa kushuka. Kila siku ya kazi, chakula chake cha mchana kilikuwa sandwichi hiyo hiyo, na kwenye simu aliiandika kalori 350. Aliichagua kwa nia njema: ilikuwa na majani, ilikuwa na kuku badala ya nyama nyekundu, na ukiiweka kando ya sahani ya pilau ilionekana chakula chepesi.

Tuliifungua tukaipima kipande kwa kipande.

Mkate wenyewe, ule mrefu laini, ulikuwa gramu 98. Vipande vya kuku vilivyoviringishwa kwenye unga na kukaangwa, gramu 92. Jibini, vile vipande viwili vyembamba vya rangi ya chungwa, gramu 40. Letusi, nyanya, matango na vitunguu, vyote kwa jumla gramu 60. Kisha nikachukua kisu butu nikakwangua mayonizi pande zote mbili za mkate na juu ya kuku, nikaikusanya kwenye kisosi. Gramu 38. Dada alikitazama kile kisosi kwa muda.

"Yaani hii yote ilikuwa humu ndani?"

Ilikuwa humo. Mkate mweupe una takriban kalori 265 kwa kila gramu 100, kwa hiyo wake ulikuwa kama kalori 260. Kuku wa kukaangwa na unga hukaribia 250 kwa gramu 100, hivyo tukamwandikia 230. Jibini ya kusindikwa ina kama 330 kwa gramu 100, nayo ikatupa 130. Mboga zote, ambazo ndizo zilizoifanya sandwichi ionekane imejaa, zilikuwa na kalori 12 hivi. Na mayonizi, kwa kuwa ina takriban kalori 700 kwa gramu 100, ilileta 265 peke yake, kidogo zaidi ya mkate wote. Ukijumlisha unapata karibu 900.

Tofauti ya 550 kwa siku, mara siku tano za kazi, ni kalori 2,750 kwa wiki ambazo hazikuandikwa popote. Alikuwa amepewa lengo la kalori 1,500 kwa siku. Akishakula mchana aliamini amebakiwa na 1,150 za chai, matunda na chakula cha jioni, kumbe alikuwa amebakiwa na 600.

Nataka lieleweke vizuri kwamba hakuwa anadanganya. Mtu mnene akisema "sili sana na sipungui," watu humtazama kwa jicho la pembeni, na hilo huniuma. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu kumi waliokuwa wameshindwa kupunguza uzito ingawa waliripoti kula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa, miili yao ilikutwa inachoma nishati kama kawaida. Waliripoti pungufu kwa asilimia 47 kuliko walichokula kweli, maana yake walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika. Jicho la binadamu halikuumbwa na mizani ndani yake. Linaona ukubwa, rangi na majani, lakini mafuta yaliyolowana ndani ya mkate haliyaoni.

Tuanze na kalori yenyewe, maana mkanganyiko mwingine huanzia hapo. Kalori tunayoitaja kwenye chakula ni kilokalori: kiasi cha joto kinachoweza kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Ukisoma pakiti ya mkate dukani utakuta pia kilojuli. Kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.184, kwa hiyo mkate ulioandikwa kilojuli 1,100 kwa gramu 100 ndio ule ule wa kalori 263. Nimewahi kumwona mtu akirudisha mkate kwenye rafu kwa hofu ya ile elfu moja na mia. Angalia vilevile kama namba ni ya gramu 100 au ya kipimo kimoja cha kula, kwa sababu kipimo hicho huchaguliwa na mtengenezaji, na mara nyingi ni kidogo kuliko mtu anavyokula.

Namba hizi zinatoka wapi? Nyingi zina asili katika kazi ya mkemia Mmarekani, Wilbur Atwater, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Wesleyan jimboni Connecticut. Miaka ya 1890 yeye na wenzake walijenga chumba kidogo kilichofungwa vizuri, mtu akakaa humo siku kadhaa akila, akilala na kufanya kazi, huku joto lililotoka mwilini mwake na hewa aliyovuta na kutoa vikipimwa. Walichoma pia vyakula ndani ya chombo cha chuma kuona vinatoa joto kiasi gani, wakatoa sehemu inayopotea kwenye choo na mkojo. Walichobakiwa nacho ndicho tunachotumia hadi leo: gramu moja ya wanga kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, gramu moja ya mafuta kalori 9. Pombe ni 7.

Namba hizo chache zinaifafanua sandwichi nzima. Kinachokula nafasi kubwa ndani yake ni maji na hewa: nyanya, letusi, matango, matundu ya mkate. Kinachobeba kalori ni kile kisicho na maji, na hakuna kilicho kizito kwa kalori kama mafuta. Mayonizi ni mafuta na kiini cha yai vilivyopigwa hadi vikashikana. Kijiko kimoja cha mezani, gramu 14 hivi, kina kama kalori 100. Ili upate kalori 100 kutoka kwenye nyanya itabidi ule zaidi ya nusu kilo.

Katika jimbo hilo hilo la Connecticut, mjini Bridgeport, mwaka 1965 kijana wa miaka 17, Fred DeLuca, alifungua duka la sandwichi kwa dola 1,000 alizokopeshwa na rafiki wa familia, Peter Buck. Duka hilo ndilo lililokuja kuitwa Subway. Nalitaja kwa sababu ya kesi moja ambayo, kwa maoni yangu, inafundisha hesabu ya chakula kuliko vipeperushi vingi vya lishe. Mwaka 2013 kijana wa Australia alipiga picha sandwichi yake iliyopaswa kuwa futi moja. Kando yake aliweka rula, ikaonekana ni inchi 11. Picha ilisambaa dunia nzima na kesi zikafunguliwa Marekani. Mahakama ya rufaa ilipozungumzia jambo hilo mwaka 2017 ilieleza kwamba donge la unga la kila mkate lilikuwa la uzito ule ule kabla ya kuokwa, na kwamba urefu ulibadilika kidogo kwa sababu ya jinsi mkate unavyoumuka kwenye oveni. Mteja wa inchi 11 alikuwa amepata chakula kile kile cha mwenzake wa inchi 12.

Kalori hufuata uzito wa kilichomo, si urefu wala unene wa mkate. Mkate ulioumuka sana unaweza kuwa mkubwa na mwepesi, na ule uliobanana ukawa mdogo na mzito. Jambo jingine huwachanganya hata wanaopima: maji yakitoka uzito hupungua lakini kalori hubaki. Mkate ukichomwa hadi ukauke huwa mwepesi kidogo, ila kalori zake ni zile zile. Kidari cha kuku kibichi kina kama kalori 120 kwa gramu 100. Kikishaiva bila mafuta hufika 165, kwa sababu kimesinyaa na gramu 100 sasa zimebeba nyama nyingi zaidi. Ukipima kuku aliyeiva kisha ukachagua "kuku mbichi" kwenye simu, umeshajipunja robo ya hesabu.

Sasa turudi kwa 350 za dada. Alizitoa kwenye programu ya simu kwa kuandika "sandwichi ya kuku" na kuchagua jibu la kwanza. Programu nyingi za namna hii huruhusu mtu yeyote kuingiza chakula, kwa hiyo chini ya jina moja utakuta namba ishirini. Moja ni ya mtu wa Manchester aliyejitengenezea vipande viwili vya mkate na kuku wa kuchemsha, nyingine ni ya mgahawa wa Texas. Hata majedwali ya kampuni zenyewe yanahitaji kusomwa kwa makini. Kwenye baadhi yake namba ya sandwichi imepigwa kwa mkate, nyama na mboga pekee, huku jibini na sosi zikiwa na mistari yake chini kabisa. Msomaji anaona 350, anafurahi, anafunga ukurasa. Ukiondoa jibini na mayonizi, sandwichi ya dada nayo inashuka hadi 500, na ukimbadilisha kuku wa kukaangwa kwa wa kuchomwa inashuka zaidi. Inawezekana kabisa ile 350 ilikuwa kweli ya sandwichi fulani, mahali fulani, isipokuwa ile iliyokuwa mezani kwake.

Marekani, tangu Mei 2018, migahawa yenye matawi 20 au zaidi yanayotumia jina moja hulazimika kuandika kalori kwenye menyu. England ilifuata Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Hapa Nairobi kampuni za kimataifa zimekuwa zikifungua matawi mmoja baada ya mwingine, KFC ikiwa imeingia mwaka 2011, lakini ubao ulio juu ya kaunta kwa kawaida unakupa picha na bei. Ukikimbilia namba za kampuni hiyo hiyo kutoka nchi nyingine, kumbuka kwamba mkate, kuku na ukubwa wa kipande vinaweza kutofautiana kati ya nchi na nchi. Na hata pale sheria ilipo, namba haina uhakika wa benki. Kwenye pakiti za chakula Marekani, kalori zinaweza kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20 kabla mtengenezaji hajahesabiwa ana kosa.

Tena kuna mkono wa anayekutengenezea, jambo ambalo nimelichunguza sana tangu Jumamosi ile nikiwa kwenye foleni za mchana mjini.

"Madam, sosi gani?"

"Mayonizi, kidogo tu."

Kijana anapindua chupa, anaibinya, anachora mistari mitatu ya kupindapinda kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkate. Kwake hiyo ndiyo kidogo. Nyingi ni mistari mitano. Hana kijiko, hana mizani, ana watu kumi na wawili nyuma yako na saa ya chakula cha mchana inayoyoyoma. Leo atakutilia gramu 20, kesho 40, na tofauti hiyo ya gramu 20 ni kalori 140. Hakuna jedwali la kampuni yoyote linaloweza kujua alibinya chupa kwa nguvu gani.

Wasomaji wengi hapa wanajua kwamba sandwichi ya Nairobi hasa si ile ya kaunta yenye kiyoyozi. Ni smocha: soseji ya smokie ndani ya chapati, kachumbari, pilipili ukitaka, sosi juu, na unaila ukitembea kuelekea stejini. Dada aliiacha alipoanza kujihesabu kwa sababu aliamini ndiyo "chakula kibaya". Tuliipima nayo. Chapati ilikuwa gramu 110, na chapati ina takriban kalori 300 kwa gramu 100, hivyo 330. Soseji za namna ya smokie ziko kati ya 250 na 300 kwa gramu 100, na ile moja ya gramu 45 tuliipa 125. Kachumbari, 12. Jumla karibu 470, nusu ya sandwichi ya kuku.

Sisemi smocha ni dawa. Nyama ya kusindikwa ina chumvi nyingi, na mwenye presha anatakiwa kuiangalia kwa jicho kali. Tena namba yake inayumba kuliko zote kwa sababu ya chapati. Mpishi mmoja hupaka mafuta kwa kuyanyunyiza, mwingine huyamwaga. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, kwa hiyo chapati mbili za ukubwa mmoja, kwenye vibanda viwili vinavyotazamana, zinaweza kupishana kwa kalori mia. Jicho hukusaidia: chapati inayoacha karatasi ikiwa imelowa hadi unaona upande wa pili imebeba mafuta mengi. Na ukila smocha mbili, umeirudia ile sandwichi.

Kwa vyakula vyetu usitegemee programu ya Ulaya. Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walitoa mwaka 2018 majedwali ya viinilishe vya vyakula vinavyoliwa Kenya, na yanapatikana bure mtandaoni. Humo ndimo pa kuangalia unapotaka namba ya chapati, maharagwe au sukuma wiki, badala ya kubahatisha kwa "mkate bapa wa Kihindi" wa mtu usiyemjua.

Swali ambalo dada aliuliza, na ni zuri, ni hili: kama namba zenyewe zinayumba hivi, kuna haja gani ya kuhesabu? Mwili nao huongeza kuyumba kwake. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Barr na Wright, waliwalisha watu 17 sandwichi za aina mbili zilizokuwa na kalori sawa. Moja ilikuwa ya mkate wa nafaka nzima na jibini ya cheddar, nyingine ya mkate mweupe na jibini ya kusindikwa. Mwili ulitumia karibu asilimia 20 ya nishati ya sandwichi ya kwanza kwa kazi ya kuisaga tu, na karibu asilimia 11 kwa ya pili. Utafiti mdogo, watu 17, lakini unakubaliana na linalojulikana: protini humgharimu mwili asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake katika kuyeyushwa, wanga 5 hadi 10, mafuta kati ya 0 na 3. Na mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo chao, wakawapa wiki mbili za vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili za vyakula visivyosindikwa, kila mtu akila hadi atosheke. Kwenye vyakula vya kusindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Chakula laini huliwa haraka, na sandwichi laini humalizika kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limetosha.

Jibu nililompa ni kwamba namba isiyo kamili bado ina kazi, mradi ujue kosa linaishi wapi. Kosa la asilimia 10 kwenye mkate wake ni kalori 26. Kosa la kusahau mayonizi ni 265. Kuhangaika kupima letusi huku sosi ikipita bila kuandikwa ni kutoa jasho mahali pasipo na kazi. Vitu vinavyoipindua hesabu ni vichache: sosi yenye mafuta, jibini, kama kuku amekaangwa au amechomwa, na kinywaji kilicho kando. Sosi ya nyanya haiko kwenye orodha hiyo, maana kijiko chake cha mezani hakizidi kalori 20, ingawa ina sukari. Parachichi liko katikati: ni mafuta mazuri na lina nyuzinyuzi, lakini gramu 100 ni kalori 160, na nusu ya parachichi kubwa hufikia hapo kwa urahisi. Soda ya nusu lita ina kama kalori 210, nayo haishibishi. Chipsi gramu 150, ambazo ni ule mfuko mdogo tu, hukaribia 450. Sandwichi ya dada pamoja na hivyo viwili ingezidi lengo lake la siku nzima kabla ya saa nane mchana.

Kwa mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini, nasisitiza kwamba kalori si hesabu ya kwanza. Yeye anahitaji kujua wanga: mkate ule wa gramu 98 ulikuwa na takriban gramu 48 za wanga hata kama ungekuwa mtupu bila mayonizi, na soda inaongeza zaidi ya gramu 50 za sukari. Hilo alizungumze na daktari wake, sio na simu.

Dada hakuacha sandwichi. Anaipenda, na duka liko chini ya ofisi yake. Alichobadilisha ni kumwambia kijana wa kaunta, "Niwekee mayonizi kando," akapewa kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Kijiko cha mezani anakibeba kwenye mkoba. Anachota kimoja, anapaka mwenyewe, anaomba kipande kimoja cha jibini badala ya viwili, na anakunywa maji. Siku hizi mchana huo anauandika 670, namba iliyo karibu mara mbili ya ile 350 ya zamani, na anakula pungufu kuliko alivyokuwa akila.